Usione Vyaelea: Historia ya Herufi Nzito

Vipo vitu vitufaavyo kila siku ambavyo hatuulizi asili yake. Twala wali bila kumkumbuka aliyetwanga mpunga, na twavaa nguo bila kumfikiri mfumaji. Hali yetu na herufi ni hiyo hiyo. Mwanafunzi hufungua kamusi kutafuta neno. Jicho lake hushuka upesi katika safu ya ukurasa, likapita juu ya maelezo mengi, likatua pale pale penye neno alitakalo. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Jicho limetua kwa sababu neno lenyewe limepigwa chapa kwa herufi nzito, nene na nyeusi kuliko zile zilizolizunguka.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini si la zamani sana. Watu wa Ulaya walipiga chapa vitabu kwa muda wa karibu miaka 400 kabla hawajapata herufi nzito iliyoundwa makusudi ili ikae katika mstari mmoja na herufi za kawaida. Herufi hiyo ilitoka katika kiwanda kimoja cha mji wa London mwaka 1845, nayo ikaitwa Clarendon. Katika insha hii tutaona ilizaliwaje, ilikuwa na sura gani, ilifanya kazi gani duniani, na ugomvi gani ulioifuata. Maana hata herufi yaweza kuwagombanisha watu.

Kwanza yatupasa kujua umbo la herufi. Tazama herufi I kubwa katika kitabu kilichopigwa chapa kwa mtindo wa zamani. Juu ina kikofia kifupi, na chini ina kikanyagio kifupi, kama nguzo ya nyumba iliyosimamishwa juu ya jiwe. Kikofia hicho na kikanyagio hicho wapiga chapa huviita serifu. Asili ya mtindo huu ni maandishi ambayo Warumi wa kale waliyachonga katika mawe, mathalani yale yaliyo chini ya mnara wa Kaizari Trajan mjini Roma, uliomalizika mwaka 113. Herufi zisizo na serifu zipo pia, nazo twaziona sana katika vibao na mashine za siku hizi. Lakini vitabu vingi vya kusoma kwa utulivu hutumia zile zenye serifu.

Pili yatupasa kujua kazi iliyotakiwa ili kuipata herufi moja. Mchonga herufi alichukua kipande cha chuma cha pua, akachonga katika ncha yake, kwa tupa na patasi ndogo, umbo la herufi kwa kinyume, kama lionekanavyo katika kioo. Kisha alikitia kipande hicho moto na kukizima ili kiwe kigumu, akakipiga kwa nyundo juu ya shaba iliyo laini, nayo shaba ikabaki na alama. Shaba ile ilifungwa katika kalibu, ikamiminiwa risasi ya moto iliyochanganywa na bati na antimoni. Risasi ilipopoa, herufi ilikuwa tayari. Kutoka katika shaba moja zaweza kusubiwa herufi maelfu. Lakini kila herufi ya alfabeti, na kila ukubwa wake, ilitaka kipande chake cha pua. Hesabu mwenyewe: herufi kubwa 26, ndogo 26, na tarakimu 10, ni vipande 62 kabla ya kuzitaja alama za vituo; na hivyo ni kwa ukubwa mmoja tu. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi mingi, ya mtu mwenye jicho kali na mkono usiotetemeka.

Basi wapiga chapa wa kale walifanyaje walipotaka neno moja lionekane zaidi kuliko mengine? Haja hiyo ni ya watu wote. Waandishi wa misahafu katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, walitumia wino mwekundu pamoja na mweusi, nao watawa wa Ulaya walifanya vivyo hivyo kabla ya mtambo wa chapa. Johannes Gutenberg alipokamilisha Biblia yake mjini Mainz, yapata mwaka 1455, herufi zake zote zilikuwa nyeusi na nzito, kwa kuiga maandishi ya mkono ya Wajerumani. Baadaye wapiga chapa wa Venice walipenda herufi nyepesi za Kirumi, na mwaka 1501 Aldus Manutius wa mji huo akatoa kitabu chenye herufi za mlazo, zilizoinama kama mtu atembeaye kwa haraka. Tangu hapo, aliyetaka kutilia neno mkazo alikuwa na njia chache: ama alilaze, ama aliandike kwa herufi kubwa tupu, ama aazime herufi nyeusi za Kijerumani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755, maneno yake makuu yaliandikwa kwa herufi kubwa. Herufi nzito za ukoo ule ule hakuwa nazo. Hakuwa nazo mtu yeyote.

Kilicholeta mabadiliko si elimu bali biashara. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 Uingereza ilijaa viwanda vya mvuke. Bidhaa zilikuwa nyingi, na wenye bidhaa walishindana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika mji mkubwa ambamo hakuna amjuaye mwenziwe, hata kizuri kilihitaji kutembezwa. Kuta za London zilibandikwa matangazo ya michezo, ya bahati nasibu, ya magari ya abiria, na ya dawa za kila maradhi. Herufi za kitabu, zilizoundwa zisomwe na mtu aliyeketi kitini, hazikuweza kumsimamisha mtu apitaye njiani.

Hapo ndipo mchonga herufi Robert Thorne wa London, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, alipoanza kuuza herufi nono sana, zenye mistari mizito iliyovimba na mistari myembamba kama unywele. Muda si mrefu Vincent Figgins, wa mji huo huo, naye akatoa herufi za namna nyingine: mistari yake yote yakaribia unene mmoja, na serifu zake ni za mraba, nene kama matofali. Wapiga chapa wengine waliziita herufi za namna hiyo za Kimisri, kwa kuwa zama zile mambo ya Misri ya kale yalikuwa midomoni mwa watu wote wa Ulaya. Herufi hizi zilifaa sana ukutani. Lakini ukiitia mojawapo katikati ya mstari wa kitabu, ilikuwa kama kumwingiza tembo katika chumba cha wageni: hapana mtu aliyeweza kuona kitu kingine.

Thorne alifariki mwaka 1820, na kiwanda chake katika njia iitwayo Fann Street kikanunuliwa na William Thorowgood. Mwaka 1838 Thorowgood alimshirikisha Robert Besley, mtu aliyezaliwa mjini Exeter mwaka 1794, aliyekuwa amekitumikia kiwanda hicho kwa kusafiri huku na huko akiuza herufi. Yafaa tuliangalie jambo hili. Besley hakuwa mchongaji. Alikuwa mchuuzi aliyeingia katika vyumba vya wapiga chapa, akasikia wanayoyalalamikia na wanayoyatamani. Mchongaji alikuwa Benjamin Fox. Mmoja alijua kinachohitajiwa, na mwingine alijua kukifanya. Na katika mwaka 1845 akili ya yule na mkono wa huyu vilizaa herufi Clarendon.

Jina Clarendon lilikuwa tayari jina la jumba mashuhuri la uchapaji katika mji wa Oxford, lililopewa jina la Lodi Clarendon, mwandishi wa historia wa karne ya 17, kwa kuwa faida ya kitabu chake ilisaidia kulijenga. Lakini uzuri wa herufi haukuwa katika jina. Fox aliichukua serifu nene ya Kimisri, akaipunguza ukali. Mahali ambapo mguu hukutana na nguzo hakuacha pembe, bali alitia mpindo laini, kama shina la mbuyu linavyopanuka polepole likishuka ardhini. Mistari mizito na myembamba aliitofautisha kidogo, si kwa kupita kiasi. Ncha za herufi kama a, c na r alizimalizia kwa tone la mviringo. Upana aliubana, ili neno zito lisile nafasi kubwa kuliko jirani zake. Matokeo yake ni herufi yenye nguvu isiyo na makelele. Ilikuwa nyeusi ya kutosha kulivuta jicho, na yenye adabu ya kutosha kukaa katika mstari mmoja na herufi za kawaida. Hiyo ndiyo maana ya kuzaliwa kwake: haikuja kushindana na maandishi, bali kuyatumikia.

Besley alijua thamani ya alichonacho. Bunge la Uingereza lilikuwa limetunga mwaka 1842 sheria ya kulinda maumbo mapya ya vitu vya viwandani, naye aliiandikisha Clarendon chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 3 mtu mwingine hakuwa na ruhusa ya kuitengeneza. Miaka 3 si mingi. Muda ulipokwisha mwaka 1848, viwanda vingine viliivamia herufi ile kama siafu waliofunguliwa njia. Kila mmoja alitoa Clarendon yake, na wengine hawakujisumbua hata kubadili jina, hata neno lenyewe likawa jina la kila herufi nzito ya namna hiyo. Tena wakati huo ilikuwako njia ya kunakili kwa umeme, iliyojulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1830: kiwanda kiliweza kununua herufi za mwenziwe na kujitengenezea alama za shaba kutoka katika hizo, bila kuchonga hata herufi moja. Besley alilalamika hadharani, lakini sheria ilikuwa imekwisha kunyamaza.

Hapa msomaji kijana na afikiri, maana jambo hili halikufa pamoja na Besley. Je, walionakili walikuwa wezi? Upande mmoja twasema ndiyo. Jasho la mchongaji ni mali kama jasho la mkulima. Na kama kila avunaye si yule aliyelima, mwisho hatapatikana wa kulima. Upande wa pili twaona kwamba nakala zile ndizo zilizoifikisha herufi nzito katika vyumba vya wapiga chapa wadogo wa miji ya mbali, ambao kwao ilikuwa chombo cha kazi na cha kufundishia. Lau kama kiwanda kimoja kingeimiliki milele, pengine vitabu vya shule vingeikosa kwa miaka mingi. Sheria nzuri ni ile iwezayo kumshibisha mvumbuzi bila kuwafunga kinywa majirani. Kwa maoni yangu miaka 3 ilikuwa michache mno kwa kazi ya namna ile. Lakini kulinda pasipo mwisho kungekuwa kosa kubwa zaidi. Leo, wimbo, picha na kitabu huweza kunakiliwa kwa kidole kimoja, na swali ni lile lile.

Hata hivyo Besley hakufa maskini. Thorowgood alipostaafu mwaka 1849 kiwanda kiliitwa kwa jina la Besley, na Fox, yule mchongaji, akawa mshirika wake. Mwaka 1861 Besley aliiacha kazi ya herufi, na mwaka 1869 akapata cheo kikubwa cha kuwa Meya Mkuu wa mji wa London. Alifariki mwaka 1876. Jina lake laandikwa katika kila historia ya uchapaji. La Fox hutajwa kwa sauti ndogo, na mara nyingine husahauliwa kabisa. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia: nahodha husifiwa, na fundi aliyelichonga jahazi hukaa pwani bila kutajwa. Mwenye kuisoma historia kwa haki hana budi kuuliza kila mara: na aliyeshika patasi alikuwa nani?

Sasa na tuzitazame kazi za herufi hii. Ya kwanza ilikuwa katika vitabu vya kutafutia habari: kamusi, orodha, ratiba na vitabu vya masomo. Mfano mkubwa kupita yote ni kamusi kuu ya Kiingereza iliyotungwa Oxford chini ya James Murray. Sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. Murray mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1915, kabla ya kuona mwisho wa kazi yake. Ilikuwa na maneno zaidi ya 400,000, na maelezo ya kila neno yalikuwa na mifano mingi ya karne nyingi. Msitu kama huo haupitiki bila alama za njia. Murray na wenzake waliyapiga chapa maneno makuu kwa herufi za Clarendon, na kwa njia hiyo msomaji aliweza kuruka kutoka neno hadi neno kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Hapa historia yetu yaigusa pwani ya Afrika Mashariki. Jumba lile la Oxford lenye jina la Clarendon ndilo lililotoa kamusi za Kiswahili za A. C. Madan, mmisionari aliyefanya kazi Unguja: ile ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Juu ya msingi wa kazi ya Madan ilijengwa kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ikatolewa mwaka 1939. Kisha ikaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo Kiswahili hufasiriwa ndani yake kwa Kiswahili, nayo maneno yake makuu yamesimama kwa herufi nzito. Sura ya herufi hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu, lakini njia ni ile iliyofunguliwa mwaka 1845.

Kazi ya pili ilikuwa ukutani, na hasa Marekani. Huko herufi za risasi zilikuwa nzito mno na ghali kwa matangazo makubwa. Darius Wells wa New York alibuni mwaka 1827 njia ya kukata herufi za mbao kwa mashine, na mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza chombo cha kufuatisha umbo, kilichoweza kukuza au kupunguza herufi kutoka kielelezo kimoja. Clarendon ilipovuka bahari ilikatwa katika mbao kwa kila kipimo: pana, nyembamba, na ya urefu wa mkono wa mtu. Namna moja, iliyoitwa Clarendon ya Kifaransa, ilikuwa na serifu nene kuliko nguzo zake zenyewe, mithili ya mtu mwembamba aliyevaa viatu vikubwa. Hizo ndizo herufi ambazo watu wa leo wakiziona hukumbuka farasi, sarakasi na matangazo ya kutafuta wahalifu.

Wala matangazo hayo hayakuwa mchezo. Rais Abraham Lincoln alipouawa mwezi wa Aprili mwaka 1865, serikali ya Marekani ilitoa tangazo la zawadi ya dola 100,000 kwa watakaowakamata muuaji na wenzake wawili. Liliandikwa kwa herufi kubwa nzito, fungu la fedha likiwa juu, ili hata msomaji wa haraka asilikose. Mahali kama hapo uzito wa herufi ni uzito wa jambo lenyewe: roho ya mtu imo ndani yake.

Kila kipendwacho huja kikachokwa. Karne ya 20 ilipoanza, wasanii wengi waliziona herufi hizi kuwa ni za kishamba na za kelele. Lakini mwaka 1953 Hermann Eidenbenz wa Uswisi aliichora upya kwa kiwanda cha Haas, na mwaka 1955 Freeman Craw akafanya hivyo Marekani. Huko Uingereza kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, kilichorithi mali ya Fann Street, nacho kikairudisha sokoni. Kwa miaka mingi herufi za Clarendon ziliandikwa katika vibao vya mbuga za taifa za Marekani, zikiwaongoza wasafiri milimani na misituni.

Siku hizi hatuhitaji pua wala risasi. Mwenye kompyuta hubonyeza mahali pamoja tu, na neno lake likanenepa papo hapo. Urahisi huo una hatari yake. Aliyekuwa na herufi chache za risasi alifikiri kabla ya kuzitumia, asiyegharimika hafikiri. Twaona barua na matangazo ambamo kila mstari wa pili ni mzito, na msomaji hajui ashike lipi. Mtu apazaye sauti kwa kila neno ni sawa na asiyepaza sauti kabisa. Clarendon ilifaa kwa sababu neno moja lilikuwa zito na mengine kumi yalikuwa mepesi. Nawe uandikapo insha yako, kumbuka kwamba mkazo ni kama chumvi: kidogo huleta ladha, na kikizidi chakula hakiliki.

Wahenga wetu wa pwani walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walisema hivyo kwa habari ya vyombo vya baharini, lakini msemo wao waitosha hata herufi ndogo kabisa iliyo katika ukurasa. Nyuma yake kuna Warumi na mawe yao, Fox na patasi yake, Besley na safari zake, wakataji wa mbao wa New York, na watunga kamusi waliozeeka mezani. Wote hao walihangaika ili jicho la msomaji lipate njia.